Salamu iliyobaki kwenye gunia

(Haya ni mazungumzo yaliyotangazwa redioni wiki hii. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia. – Mhariri)

Ndugu msikilizaji, hii ni wiki ya sikukuu, na bila shaka simu yako imekwisha kujaa salamu. Yangu imejaa. Nimepokea picha za mishumaa, picha za kengele, picha za maua yanayometameta, na picha moja ya nyumba iliyofunikwa na theluji, ingawa aliyenitumia anakaa Mbagala na theluji hajapata kuiona. Salamu moja imenijia kutoka kwa watu watatu tofauti, neno kwa neno. Nyingine imeniletea kichekesho: mtumaji amesahau kufuta jina la yule aliyemtumia yeye, kwa hiyo nimetakiwa heri na baraka na familia moja ya Dodoma nisiyoijua hata kidogo. Nimewajibu ahsante.

Sikusudii kuwacheka watu hawa. Wamenikumbuka, na kukumbukwa si jambo dogo. Lakini mwezi uliopita nilikutana na mzee mmoja kule Kisarawe ambaye amenifanya niitazame salamu kwa jicho jingine, na tena amenifanya nijitazame mimi mwenyewe niliyekuwa nikilipwa kuzisoma. Naomba nikusimulie.

Wale wa rika langu na walionitangulia wataikumbuka kadi ya salamu. Ilikuwa karatasi ngumu yenye ukubwa wa kiganja hivi, ikiuzwa madukani na kwa wachuuzi wa stendi. Ilikuwa na nafasi ya jina la msalimiaji na mahali alipo, nafasi ya majina ya wanaosalimiwa, nafasi ya ujumbe, na nafasi ya wimbo. Unanunua kadi, unaijaza kwa mwandiko wako mzuri kuliko wa siku zote, unabandika stempu, unapeleka posta. Kisha unangoja. Wiki mbili, wiki tatu, wengine mwezi mzima. Siku ya kipindi unahakikisha redio ina betri. Na kama betri zimechoka unazianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya nusu saa tu, kwa sababu nusu saa inatosha kusikia jina lako likitajwa.

Kwa miaka mingi Tanzania Bara redio ilikuwa moja, ile iliyopewa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, pale Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Ndiyo iliyorekodi bendi zetu na ndiyo iliyosoma salamu zetu. Mwaka 1994 zilipoanza redio za binafsi, Radio One ikiwa miongoni mwa zile za kwanza, kadi nazo zikaongezewa pa kwenda.

Hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Watu wakaanza kufahamiana kupitia mdomo wa mtangazaji. Bwana mmoja wa Kisarawe anaomba kibao cha Msondo na kuwasalimu jamaa zake. Wiki chache baadaye bwana mwingine wa Kibaha, ambaye hawajuani kabisa, anajibu: namsalimu yule ndugu wa Kisarawe, lakini aelewe kwamba muziki ni Sikinde. Wa Kisarawe anajibu kwamba Sikinde ni jina la ngoma ya Wazaramo, kwa hiyo huyo wa Kibaha anashangilia mali ya watu. Nchi nzima inasikia, inacheka, na inangoja kadi inayofuata. Hivyo ndivyo mzee wangu alivyompata rafiki wa maisha.

Kwa vijana wasioijua habari hii, niseme kwa kifupi. Msondo ni ile bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadili jina kila chama kilipobadili jina: JUWATA, kisha OTTU, mpaka ikabaki Msondo Ngoma. Sikinde ni Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978. Wapenzi wa bendi hizi mbili walibishana kama wanavyobishana hadi leo wapenzi wa Simba na Yanga. Na katikati ya ubishi huo alikuwapo mtu mmoja ambaye hakuna upande ungeweza kumkana: Muhidin Maalim Gurumo. Aliimba NUTA Jazz tangu mwanzo wake, akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park, na baadaye akarudi Msondo. Naye alikuwa mwana wa Kisarawe, wa kijiji cha Masaki.

Sasa nirudi kwa mzee wangu. Nilikwenda Kisarawe kwenye hitima ya mama wa rafiki yangu. Kutoka katikati ya jiji ni mwendo wa kilomita thelathini na kitu: unapita Ukonga, Gongo la Mboto na Pugu, kisha barabara inaanza kupanda vilima, hewa inabadilika, na msitu unaanza kukusogelea. Baada ya dua na pilau, watu walipokuwa wametulia, nikasikia gita likilia upande wa pili wa uwanja. Halikuwa la umeme. Lilikuwa gita kavu, kuukuu, limebandikwa utepe pembeni, na aliyekuwa akilipiga alikuwa mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda chini ya mwembe.

Nikamwamkia, akaitikia, nikaketi mkekani. Akaniambia alijifunza ujanani kwa kuwasikiliza Wakongo wa gita la vidole, akina Mwenda Jean Bosco wa Katanga, yule ambaye wimbo wake Masanga ulirekodiwa mwaka 1952 ukaenea kote huku. Nikaona kwamba kabla ya kuanza kibao kingine alizilegeza nyuzi tatu, akazijaribu, akatikisa kichwa, akazilegeza tena kidogo. Alipopitisha kidole gumba juu ya nyuzi zote bila kubonyeza hata mmoja, gita likatoa sauti iliyokamilika, tamu, kama watu watatu wameitikia pamoja.

Nikamwambia kwamba kuna visiwa katikati ya Bahari ya Pasifiki, Hawaii, ambako watu wameufanya mtindo huo kuwa sanaa nzima. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1830 mfalme wao aliwaleta wachunga ng'ombe kutoka Meksiko, nao wakaja na magita. Walipoondoka magita yakabaki, na wenyeji wakayalegeza nyuzi kufuata masikio yao. Wanauita mtindo huo ki ho'alu, kwa maana ya kulegeza. Mpangilio mmoja unaopendwa sana, ambao nyuzi tatu hulegezwa, umepewa jina la shamba la magimbi. Mzee akacheka mpaka akaliweka gita chini. Magimbi! Akanyosha mkono kuelekea bondeni nyuma ya nyumba, ambako magimbi yake mwenyewe yalikuwa yamestawi.

Nikamweleza pia kwamba kule Hawaii zamani kila ukoo ulikuwa na mpangilio wake wa nyuzi na uliuficha kama dawa ya kienyeji. Inasemekana wengine, kabla ya kuliacha gita mahali, walizivuruga nyuzi ili mgeni asijue zilikuwaje. Walioisaidia sanaa hiyo isife ni watu kama Gabby Pahinui, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 1980, ambaye nyumbani kwake Waimanalo watu walikuwa wakikusanyika uani mwisho wa wiki, wanakula, wanapiga, wanajifunza. Leo muziki huo una wapenzi hadi Japani na Marekani bara, na ikifika Krismasi wanatakiana heri kwa Kihawaii: Mele Kalikimaka. Ni maneno yale yale ya Kiingereza yaliyopita katika vinywa vya watu ambao lugha yao haina sauti ya r wala ya s, kama sisi tulivyolichukua neno hilo tukalifanya Krismasi.

Mzee akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Krismasi. Mwanangu, mimi ni Mwislamu, lakini hakuna sikukuu iliyonisumbua maishani kama Krismasi."

Ndipo akanipa habari ya mtani wake.

Yule bwana wa Kibaha, mpenzi wa Sikinde, alikuwa Mnyamwezi. Na kama unavyofahamu, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani wa tangu enzi za misafara. Kwa hiyo ubishi wa redioni ulipata mahali pa kukaa. Baada ya miaka miwili ya kusalimiana kwa kadi walikutana ana kwa ana kwenye dansi, wakatembeleana, watoto wakajuana. Utaratibu wao ukawa huu: ikifika Idd, mtani wa Kibaha, ambaye ni Mkristo, anatuma kadi ya kumsalimu rafiki yake, ikifika Krismasi, mzee wa Kisarawe anatuma yake. Majirani walizingoja kadi hizo pamoja nao.

Mwaka 2000 mzee alifiwa na mke wake. Mtani hakuonekana. Hakuja kwenye mazishi, hakuja kwenye arobaini. Msiba bila mtani ni msiba uliopungukiwa, na mzee, kwa uchungu aliokuwa nao, akasema mbele ya watu kwamba yule Mnyamwezi asikanyage tena kwake. Maneno yakafika Kibaha, kama maneno mabaya yanavyofika, bila stempu. Miezi kadhaa ikapita ndipo mzee akaambiwa kwamba siku zile za msiba mtani wake alikuwa amelazwa Hospitali ya Tumbi, hajiwezi.

Mzee akajuta. Na kwa kuwa alikosea hadharani, akaona atubu hadharani. Akanunua kadi, akaandika kwamba anamsalimu mtani wake kwa sikukuu ya Krismasi pamoja na nyumba nzima, na kwamba amekosa. Akaomba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kibao cha Sikinde. Kisha akamtuma kijana akaseme Kibaha: mwambieni asikilize redio siku ya Krismasi.

Krismasi ya mwaka 2000 iliangukia Jumatatu, na Idd el Fitr ikafuata wiki hiyo hiyo. Mtani alikaa na redio tangu asubuhi, na wageni wake, na watoto wake. Yakatajwa majina ya Tanga, ya Mwanza, ya Songea. Lake halikutajwa. Akaona ameitwa ili adhihakiwe mbele ya familia yake. Mzee naye akangoja Idd, akidhani jibu litakuja. Halikuja. Kila mmoja akakaa na redio yake, na kila mmoja akaamini kwamba mwenzake ndiye aliyenyamaza.

Ndugu msikilizaji, nilipofika hapo nikamwuliza mzee kadi ile aliituma kituo gani na kipindi gani. Akanitajia. Nikahisi pilau limenikwama. Desemba ile mimi nilikuwa kijana mgeni kazini, na wakubwa walipokwenda likizo niliachiwa kipindi hicho cha salamu cha sikukuu.

Nataka kusema kwamba naikumbuka kadi hiyo. Siikumbuki. Ninachokikumbuka ni meza iliyojaa kadi zilizofungwa kwa mipira, na saa ya ukutani, na fundi mitambo akinionyesha vidole kwamba zimebaki dakika tano. Nilichagua kadi zenye majina machache na maneno ya kuchekesha, kwa sababu zilikwenda haraka na zilinifanya nionekane hodari. Kadi ndefu niliziruka. Kipindi kilipokwisha, ambazo hazikusomwa zilitiwa kwenye gunia nyuma ya mlango wa studio. Gunia lilikwenda wapi, sikuuliza. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo. Niliamua mwenyewe.

Nikamwambia mzee, "Baba, mtangazaji yule nilikuwa mimi."

Akasema, "Najua. Nilikujua tangu uliponiamkia. Sauti yako haijabadilika, isipokuwa siku hizi huchekicheki."

Nikaanza kumwomba radhi. Akaniinulia mkono. Akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo, na ndiyo yaliyonileta mbele ya kipaza sauti hiki. Alisema, "Mwanangu, kosa lako lipo, lakini usijibebeshe langu. Nauli ya kwenda Kibaha nilikuwa nayo. Kisarawe hadi mjini, mjini hadi Ubungo, Ubungo hadi Maili Moja. Asubuhi naondoka, magharibi nimerudi. Sikwenda. Niliona redio itanisemea."

Wakakaa hivyo miaka zaidi ya kumi na mitatu. Aprili 2014 Gurumo alifariki, akarudishwa kwao Masaki kuzikwa. Mzee alikwenda, kama walivyokwenda wengi. Baada ya mazishi, watu walipokuwa wakitawanyika, akasikia mtu nyuma yake anasema kwa sauti ya kulalamika, "Wewe Mzaramo, unadaiwa. Salamu za Krismasi kumi na nne." Alikuwa amekuja kumzika mwimbaji wake, kwa maana Gurumo alikuwa wa Sikinde pia. Mzee hakusema kitu. Walishikana mikono, wakakaa chini pale pale, na ndipo habari ya kadi ilipoelezwa, na ya hospitali, na ya kimya. Mzee aliniambia, "Uzi ukiukaza mno haulii, unakatika. Sisi tulikaza wote wawili."

Leo wazee hawa wanapigiana simu kila Jumapili. Wana simu za watoto wao, wanatumiana vibao vya zamani, wanabishana nani alipiga solo wapi. Kwa hiyo nisieleweke kwamba nailaumu simu na kuisifu kadi. Kadi ilichelewa, ilipotea, na iliangukia mikononi mwa vijana wenye haraka. Zaidi ya hayo, salamu za redioni nazo zilikuwa na majivuno yake: wapo waliosalimu watu hamsini ili wao wasikike, na wapo waliowasalimu wakubwa wa wilaya kwa kutafuta kheri zao.

Lakini kadi ilikuwa na jambo moja ambalo picha ya mshumaa haina. Ilikuwa na nafasi ya jina, na hukuweza kuituma bila kuijaza. Ilikubidi ukae chini na kalamu, ujiulize: namsalimu nani? Na ukishaandika jina la mtu kwa mkono wako, huwezi tena kusema hukumfikiria. Picha ya mshumaa unaweza kuwatumia watu mia mbili kwa kidole kimoja, na usimfikirie hata mmoja.

Jambo la pili ni hili la nauli. Salamu kwa mtu mliye naye vizuri inaweza kupita popote: redioni, kwenye simu, kwa dereva wa daladala. Lakini salamu kwa mtu mliyekosana haifai kupewa mtu mwingine aibebe. Ikipotea njiani, atakayeumia hatajua kwamba imepotea. Atajua kwamba hukuituma. Kama katika sikukuu hii unalo jina moja ambalo ukilifikia kwenye simu kidole kinasita, jina hilo usilitumie picha. Nenda. Na kama ni mbali mno, piga simu uongee kwa mdomo wako.

La tatu nawaambia wenzangu tulio nyuma ya vipaza sauti, na hasa vijana. Ujumbe unaoletwa mezani kwako unaweza kuonekana mrefu na wa kuchosha. Huwezi kujua ni upi ambao mtu ameshinda amekaa karibu na redio akiungoja. Ukishindwa kuusoma leo, usome kesho. Usiutie guniani.

Mwisho, nina deni. Nimempigia mzee, naye amempigia mtani wake, na wote wamenipa ruhusa. Mtani amesema atakubali kwa sharti moja, kwamba baada ya salamu upigwe wimbo wa Sikinde na usikatwe katikati. Fundi mitambo amekwisha kuuweka tayari. Kwa hiyo, kabla sijakuaga, naisoma kadi ya Krismasi ya mwaka 2000.

Kutoka Kisarawe: mpenzi wa Msondo anamsalimu mtani wake wa Kibaha, mpenzi wa Sikinde, yeye na nyumba nzima. Anasema amekosa, na anamtakia Krismasi njema.

(Majina ya wazee hawa yalitajwa hewani. Hapa tumeyaacha kwa ombi la wenyewe. – Mhariri)

Heri ya sikukuu, ndugu msikilizaji. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.